Shingo ya Mama Mkwe

Kama hujawahi kusutwa na mama mkwe, tena kupitia ukutani, kwa namna unavyobadilisha gia za lori ambalo halipo, basi wewe bado hujasutwa. Mimi nimesutwa hivyo, na nilistahili.

Mama mkwe wangu aliletwa kwetu Kibuli akiwa na shingo iliyokakamaa. Bodaboda ilimwangusha huko kwake Masaka, kwenye kahawa zake. Mifupa ilipona, kola ya shingoni ikavuliwa, lakini shingo yenyewe ikakataa kugeuka. Akitaka kumwona mtu aliye pembeni ilimbidi ageuke mwili mzima, kuanzia nyayo. Daktari wa viungo alimpa mazoezi ya kufanya kila siku, na akamwambia asiguse usukani mpaka aweze kutazama nyuma juu ya mabega yote mawili. Akaongeza kwamba shingo ikiachwa muda mrefu ikae hivyo, itazoea na haitageuka tena.

Mwingine angesema gari si kitu, atapanda teksi. Lakini mama huyu alikuwa dereva wa polisi tangu usichana wake. Aliendesha malori ya askari mpaka Karamoja na kurudi, na Kiswahili chake mpaka leo ni cha kambini, cha amri. Alipostaafu alinunua pikapu, na hiyo pikapu ndiyo iliyombebea kahawa, ndizi, na majirani wote waliokuwa na mgonjwa. Sasa ilikuwa imeegeshwa uani kwetu, imefunikwa turubai. Shemeji yangu mkubwa, kwa huruma zake ambazo hakuna aliyemwomba, alikuwa ameshampata mnunuzi. Alisema tungoje siku ya kurudi kwa daktari: shingo isipogeuka, pikapu iuzwe, na mama ahamie kwake Ntinda akae kwenye kochi atunzwe. Mama alipoelezwa hayo alikwenda uani akaipapasa ile pikapu juu ya turubai, akarudi chumbani kwake akafunga mlango.

Tena mazoezi yenyewe mama alikuwa hayataki. Alisema yule daktari anataka atikise kichwa kama mjusi mbele ya watu, naye hajafikia huko. Mke wangu alibembeleza, akalia, akanuna, wapi.

Sasa inabidi nieleze jambo la ukwe. Kwa Waganda wanaoshika mila, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawagusani, hawapeani kitu mkono kwa mkono, wala mmoja hakalii kiti cha mwenzake. Wakivunja, unakuja ugonjwa uitwao obuko: mtu anaanza kutetemeka, mikono, kichwa, mpaka mwisho hawezi kushika kikombe. Watu wengi mjini wameyaacha haya. Mama mkwe wangu hakuyaacha hata nusu yake. Mimi ni Mnubi, mjukuu wa wale askari waliotoka Sudan, na kwetu mama mkwe unamheshimu lakini unakula naye sinia moja. Kwake yeye, miaka yote ya ndoa yetu, nilimjua kwa sauti na kwa mgongo. Hakukubali kulala chini ya paa langu, tukampa chumba cha uani, chenye paa lake ingawa kinapakana na ukuta wetu, na pazia zito mlangoni. Ikibidi tuzungumze, yeye ndani, mimi nje barazani nimelipa pazia kisogo.

Mimi kazi yangu ni vipuri vya magari, vilivyotumika, Kisenyi. Nauza vioo vya pembeni, taa, bampa. Jioni nikitoka huko, badala ya kwenda Kabalagala kupoteza akili na pesa, nakaa mbele ya kompyuta naendesha lori la kwenye mchezo. Nina usukani wake, pedali zake, na gia niliyoiunda mwenyewe kwa fimbo ya gia ya gari lililokufa. Mke wangu husema nimetoka kwenye magari mabovu nikaingia kwenye magari hewa. Simjibu, maana ni kweli.

Kitu kimoja kilinikera katika ule mchezo. Ukitaka kutazama kioo cha pembeni ilikubidi ubonyeze kitufe. Jamani, mtu gani hubonyeza kitufe ndipo shingo igeuke? Basi nikaunda kifaa cha kufuata kichwa. Nilichukua kamera ndogo ya kompyuta, nikaibandua kile kigae cha ndani kinachozuia ule mwanga wa rimoti ambao jicho halioni, na mbele yake nikaweka kipande cheusi cha filamu ya picha za zamani, ambacho hukata mwanga wa kawaida na kuuachia ule. Halafu nikang'oa vitaa vitatu kwenye rimoti zilizokufa, nikavifunga kwenye kofia yangu pamoja na betri. Kamera inaona nukta tatu tu kwenye giza. Nukta zikisogea, programu inajua kichwa kimegeukia wapi, na dereva wa kwenye mchezo naye anageuka. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Siku moja mke wangu alirudi kutoka chumba cha uani anacheka peke yake. Mama alikuwa amesikia lori langu kupitia ukutani na alitaka kujua ni mpumbavu gani anayesaga gia namna ile. Kesho yake akatuma ujumbe kwamba naingia kwenye kona na gia kubwa. Siku ya tatu hakutuma mtu, aligonga ukuta, akasema kwa sauti ya kambini, "Klachi, mkwe. Klachi ina makosa gani kwako?"

Hapo ndipo wazo liliponijia, na mpaka leo najisifia. Mtu ambaye hawezi kukaa kimya akisikia gia zikisagwa mbali atawezaje kukataa usukani ukiwekwa mbele yake? Na ukiendesha lori lile bila kitufe, lazima utazame vioo. Na ukitazama vioo, unageuza shingo. Mke wangu alimpigia daktari wa viungo simu. Daktari alicheka, kisha akasema tufanye, polepole, na maumivu yakija tuache.

Mama alikubali upesi hata nikashuku. Lakini kofia yangu hakuitaka. Kuvaa kitu kilichokaa kichwani mwa mkwe, hata kwa mchezo, hapana. Nilikwenda Katwe kwa fundi wa masigiri, haya majiko yetu ya makaa, nikamwomba anikunjie waya wa chuma mwepesi uwe kama taji la kukaa juu ya kitambaa cha kichwa, wenye pembe tatu za kushikia vitaa. Aliniuliza ni wa kuku au wa mtoto. Nikamwambia ni wa mama mkwe, akakataa kuniuliza tena.

Kazi iliyonitoa jasho ni vipimo. Programu inataka kujua vitaa viko mbali kiasi gani na shingo, mahali kichwa kinapozungukia, vinginevyo ukigeuka kidogo dereva anaruka kama amepigwa teke. Na mimi kumgusa mama siwezi, kumwangalia siwezi. Basi mke wangu aliingia na futi ya fundi cherehani, mimi nje na kompyuta magotini, akawa ananitajia kwa sauti: kutoka sikioni mpaka kwenye kitaa, kutoka kisogoni mpaka mbele. Mpangaji wa nyumba ya pili alitoka akauliza kwa upole kama tunashona kofia ya harusi au tunapima jeneza. Mama alimjibu mwenyewe kutoka ndani, na mpangaji akarudi kwake.

Tukaweka kompyuta na usukani chumbani kwake, ukutani, mgongo wake ukiuelekea mlango. Mimi barazani nyuma ya pazia. Nilikuwa nimeipanga programu iwe na ukarimu: shingo ikigeuka kidogo tu kama mtu anayesikiliza, dereva anageuka mpaka kwenye kioo. Mama aliwasha lori. Nilisikia klachi, gia ya kwanza, ya pili, laini kabisa. Halafu akauliza kwa sauti ya chini kama kioo cha kushoto kinaonyesha trela lake mwenyewe. Nikasema ndiyo, Mama. Nilifurahi nusura nipige makofi.

Kosa langu ni kuinua pazia. Nilitaka tu nione kioo cha kompyuta, nijue nukta zinakaaje, na mgongo wa mama si uso. Nilipoinua, barabara yote ikaanza kutetemeka. Nikashusha, ikatulia. Mama akasema barabara ya huku mbaya. Kesho yake nikainua tena. Ikatetemeka tena, lori, vioo, mbingu na ardhi. Nikashusha. Ikatulia. Mama alisimamisha lori kando ya barabara, akavuta breki ya mkono, akalivua lile taji taratibu akaliweka mezani.

"Mkwe," akasema, "hiyo ni obuko. Kwanza imeshika mashine. Bado sisi."

Mke wangu alijaribu kumweleza habari za kompyuta. Mama alimsikiliza kwa adabu kisha akamwomba chai. Ndio ukawa mwisho wa kuendesha. Na nitasema ukweli: usiku ule niliitazama mikono yangu kwenye sahani ya wali nikaona kama na yenyewe inatetemeka. Nimesoma, nimetembea, lakini nilikuwa nimeliona kwa macho yangu. Nikichungulia linatetemeka, nikiondoka linatulia. Ungekuwa wewe ungesemaje?

Siku ya daktari ilikuwa inakaribia. Shemeji alipiga simu akasema mnunuzi anataka kuja kuiona pikapu. Mama aliisikia simu ile, na jioni akakataa kula. Hapo niliumia kweli. Ni mimi niliyempa usukani, na ni pua yangu ndefu iliyomnyang'anya.

Kesho yake mama na mke wangu walikwenda kumjulia hali mgonjwa jirani. Niliingia chumbani, nikaweka jerikeni la maji juu ya kiti, nikalivika taji. Nikawasha mchezo, nikatoka barazani, nikainua pazia. Lori limetulia tuli. Nikashusha, nikainua, tuli. Moyo ulinilipuka, maana sasa ushahidi ulikuwa umekamilika: bila mama, hakuna mtetemo. Ni sisi wawili. Nikakaa pale barazani nimeshika tama, namwaza shangazi yangu aliyenionya kuhusu kuoa nje.

Wanawake walirudi. Mke wangu akaanza shughuli za chakula, akaliwasha sigiri pale pale uani anapoliweka siku zote, akalipepea mpaka makaa yakawa mekundu. Mimi pazia nilikuwa nimelisahau limeinuliwa. Nikasikia sauti ya tairi likigonga changarawe. Nikatazama ndani: jerikeni liko kwenye kiti, na barabara inatetemeka kama ina homa.

Jerikeni halina mkwe.

Niliruka mpaka kwenye kompyuta, nikafungua picha ya kamera yenyewe. Katika lile giza hazikuwa nukta tatu. Zilikuwa nne, na ya nne ilikuwa kubwa, inacheza, inapanuka na kusinyaa kila mke wangu alipopepea. Makaa ya moto hutoa mwanga ule ule wa rimoti. Kila nilipoinua pazia nililifungulia sigiri njia, na programu maskini ikadhani mama ana kichwa cha pili kule uani. Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akaja na upepeo mkononi kuona kama nimepatwa.

Mama hakukubali kwa maneno. Aliamuru sigiri liachwe lilipo, akavaa taji, akaketi, akaondoa lori. Akasema, "Fungua pazia." Likatetemeka. Akaamuru sigiri lihamishwe nyuma ya bafu. "Fungua." Likatulia. Alirudia jaribio hilo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, mke wangu akibeba jiko la moto huku na huku anasema banange, jamani, mchuzi utaungua. Mwishoni mama alitoa hukumu kwamba obuko ipo, ila hii haikuwa yenyewe. Na kwa kuwa chumba kilikuwa na joto, akaruhusu pazia lifungwe pembeni kabisa, mradi mimi nikae nyuma yake, na sote tutazame mbele. Isitoshe, shingo yake haikuweza kugeuka, kwa hiyo mila ilikuwa salama.

Tukaanza safari. Kila jioni baada ya magharibi nilikaa kizingitini na sahani yangu, yeye usukanini. Tuliongea siku zile kuliko miaka yote iliyotangulia. Alinihadithia jinsi walivyovuka mito bila madaraja na jinsi askari wa kiume walivyokataa kupanda lori lake mpaka walipoona wanaoendeshwa na wengine wanafika na nundu kichwani. Mimi nikamweleza habari za wateja wangu, wanaoibiwa kioo usiku na kuja kukinunua asubuhi. Na kila baada ya siku mbili tatu niliupunguza ule ukarimu wa programu kidogo, kwa idhini ya daktari: leo ageuze kidogo, kesho kutwa zaidi kidogo. Mama alilalamika kwamba kioo cha kushoto kinahama. Nikamwambia labda ni lori jipya. Akasema malori ya siku hizi yanatengenezwa na wavivu, lakini akageuka akakitafuta.

Alasiri ya mwisho kabla ya kwenda kwa daktari, shemeji alikuja na mnunuzi. Walilitoa turubai, wakaifungua boneti, wakawa wanazungumza kwa sauti pale uani. Mama alisikia yote. Hakutoka. Alivaa taji lake akakaa usukanini, na akachagua kazi ngumu kuliko zote katika ule mchezo: kurudisha trela nyuma kwenye ghala lenye mlango mwembamba. Mimi nilikuwa kizingitini nimejaza chapati mdomoni, kwa sababu nikiwa na wasiwasi nakula. Alikwenda nyuma taratibu, kioo cha kulia, kioo cha kushoto, kulia. Kutoka nyuma nikaona misuli ya shingo inamkaza.

Katikati ya mlango, betri za vitaa zikaisha. Dereva wa kwenye mchezo akaganda, macho mbele kama sanamu, na trela linaendelea kurudi. Mtu mwingine angekanyaga breki. Mama alifanya lililofanywa na mwili wake maisha yake yote: aliushika mgongo wa kiti kwa mkono wa kushoto, akageuza kichwa juu ya bega, akatazama nyuma.

Nyuma nilikuwa mimi.

Tulitazamana. Alikuwa na macho ya mke wangu, sikuwahi kujua. Chapati ilinikwama. Nilijua inanipasa niangalie chini, na sikuangalia, kwa sababu nilikuwa natazama lile bega na kidevu kilichokuwa juu yake. Kwenye kompyuta trela liligonga ukuta wa ghala kwa kishindo, wala hakuna aliyelijali.

"Umenenepa," akasema. "Kwenye picha ya harusi hukuwa hivi."

"Mama," nikasema, "shingo."

Akaweka kiganja shingoni, polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Akarudisha uso mbele. Kisha akageuka tena, safari hii juu ya bega la kulia, mpaka mwisho, akaona dirisha, na dirishani akaona yule mnunuzi, kijana wa watu, amelala chini ya pikapu yake anachungulia kama sampo inavuja oili. Akasimama. Alinipita pale kizingitini bila kujali nani amemgusa nani, taji la waya bado kichwani, akaenda akamnyang'anya mwanawe funguo.

Shemeji alianza kusema habari za daktari, za kesho, za usalama. Mama alimwambia mnunuzi atoke chini ya gari kwanza, kisha wazungumze, akaingia akawasha. Mke wangu alikuwa amesimama na mwiko, machozi yanamtiririka na anacheka. Geti letu ni jembamba na kutoka ni kwa rivasi tu, basi mimi kwa mazoea ya Kisenyi nikakimbilia nyuma, nikaanza kumpungia mkono: njoo, njoo, kata kulia.

Pikapu ikasimama. Mama alitoa kichwa dirishani, akageuka mpaka nyuma, akanitazama usoni mbele ya mwanawe, mnunuzi na wapangaji wote.

"Toka hapo, mwanangu," akasema. "Nakuona."